Nyota Iliyonuna

Palikuwa na nyumba ya fundi cherehani, binti yake mwanafunzi wa chuo kikuu, na nyota moja. Nyota haikuosha vyombo hata siku moja, lakini habari zake zilitawala meza ya chai.

Binti aliifuatilia kwa setilaiti, kwa sababu ilitoa eksirei, na eksirei za angani hazipenyi hewa yetu kufika chini. Asubuhi moja alisukuma kikombe.

"Baba, nimechoka nayo. Tangu nianze imenuna tu. Zamu ya kuitazama kwa setilaiti naiacha. Ikilipuka, nitarudi."

"Mchumba ukimtembelea siku ya sherehe tu," baba akasema, pini mdomoni, "utamkuta kashaoa."

Shangazi, mtaalamu wa kituo cha anga, alikuwa amefuata gauni lake. Akavuta kiti.

"Mwanangu, unajua unachotupa?"

"Natupa kimya chake tu, shangazi."

"Hiyo ni nyota ya nyutroni, kiini kilichobaki nyota kubwa ilipokufa. Upana wake ni kama wa mji, lakini ni nzito kuliko jua. Na yako ina sumaku kali kupita kiasi. Sumaku hiyo ndiyo huipandisha mori."

"Hayo niliyajibu kwenye mtihani."

"Hongera. Kila ikizunguka, tunapata pigo la eksirei. Ukiitazama mara kwa mara, hesabu ya mizunguko inaungana. Ukipotea miezi mingi, utajuaje imezunguka mara ngapi?"

Binti akakivuta tena kikombe chake.

"Atakisia," baba akamtetea. "Kama mimi ninavyokata suruali bila kupima."

"Suruali zako tunazijua, kaka."

Binti akacheka, kisha akaomba zamu. Akaomba na iliyofuata, na nyingine tena. Mstari wa grafu ulilala chali kama mgonjwa. Baba alipouliza hali ya nyota, alijibiwa kwa heshima zote, "Haijambo, haina neno."

Halafu ikalipuka.

Eksirei zake zikapanda ghafla. Wataalamu wa nchi nyingi wakaigeukia, wote na swali moja: kabla ya hapo ilikuwaje? Binti ndiye aliyekuwa na jibu. Kwa kuwa hesabu yake haikukatika, alionyesha kwamba mlipuko ulipoanza, nyota iliongeza kasi ya kuzunguka.

Alikwenda kwa shangazi mbio, viatu mkononi.

"Asante, shangazi. Asante sana. Ningeiacha, ningebaki nakisia na wenzangu."

"Nimepokea, mwanangu. Sasa itapoa polepole, na hao wote wataondoka. Na wewe?"

"Zamu ya mwezi ujao nimeshaiomba."

Shangazi akamkumbatia, viatu na vyote.