Aliyerudi na Naomie

Chuma cha kupashia chumba joto kilikuwa cha moto hata hakishikiki, lakini dirisha lililo juu ya kitanda cha Naomie lilikuwa limeganda barafu kwa ndani. Soraya aliikwangua kwa ukucha, akashangaa. Dirisha la upande wake lilikuwa kavu.

Walikuwa wanafunzi sita wa Kasongo, mwalimu wao Octave amewaleta Bruxelles katikati ya majira ya baridi kujifunza historia. Siku iliyotangulia walitembelea jumba la makumbusho, na huko Naomie, mzaliwa wa Kabambare, alisimama muda mrefu mbele ya kigoda cheusi kilichofungiwa ndani ya kioo. Kilitoka kwao. Akakinong'oneza kwa Kibangubangu: "Pole. Twende turudi pamoja."

Sasa ilikuwa saa kumi na moja tu na giza limeshaingia. Harufu ya majani yanayoungua, kama mashamba ya nyumbani wakati wa kiangazi, ilitoka chini ya blanketi la Naomie.

"Unaongea na nani?" Soraya aliuliza.

"Sema polepole. Iko anasikia baridi."

"Nani?"

"Mutu wetu."

Kisha Soraya naye akaisikia, sauti ya mwanamume, nzito, ya chini, ikiuliza njia ya kwenda Kabambare, ikiuliza mito gani inavukwa na nani anaishi kule siku hizi, na alipowasha taa akaona midomo ya Naomie imefumbwa, koo lake tu ndilo linalocheza, na miguu yake mitupu imelowa theluji ingawa mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa Soraya mwenyewe.

Hospitalini hawakuona ugonjwa. Octave akaikatiza safari, akawarudisha wote Kasongo, kisha akampakia Naomie kwenye pikipiki ampeleke kwa mama yake. Katikati ya njia, juani, dereva alisimama ghafla.

"Mwalimu, huyu binti ananiunguza mugongo na baridi. Simubebi tena."

Wakamalizia kwa miguu.

Soraya hakutulia. Alimfuata Kabambare pamoja na baba yake mdogo, Sheikh Faradji, ambaye husomea watu waliopandwa na majini. Walimkuta Naomie amelala mkekani, kichwa chake mapajani mwa mama yake, Ernestine. Sheikh alisoma hadi sauti ikamkauka.

"Toka! Rudi kwa wale waliokuiba."

Kicheko kikatoka kooni mwa Naomie. "Hawakuniiba. Babu zenu walinitoa wenyewe. Walimubebesha muzungu kigoda na mimi ndani yake, wakacheza ngoma siku ile."

Faradji akainama karibu yake. "Unataka nini?"

"Mahali pa kukaa. Huyu iko karibu kuisha."

"Musimujibu!" Sheikh alifoka. "Mutu asifungue kinywa!"

Lakini Ernestine alikuwa akiutazama uso wa mwanawe unavyogeuka rangi ya majivu, akihesabu pumzi zinazozidi kuachana, akisubiri kila moja kama ndiyo ya mwisho, na ile iliyofuata ilipochelewa hakuweza tena.

"Kaa kwangu," alisema. "Mutoto umuache."

Naomie alivuta pumzi kwa nguvu, akalia kwa sauti yake mwenyewe, akaomba maji. Soraya alimkumbatia akahisi joto linarudi mashavuni mwake. Katika furaha hiyo hakuna aliyemwona Ernestine akiinuka na kutoka nje.

Mpaka leo anakaa hapo uani, juani, amejifunika mablanketi mawili. Sheikh Faradji amerudi mara nyingi na kushindwa. Naomie humlisha kwa mkono wake, na siku nyingine mama humtambua, humshika shavu. Lakini jirani akipita na mtoto mgongoni, Ernestine hujiziba mdomo kwa mikono miwili, na kupitia vidole humlilia:

"Pita upesi, mama! Anauliza huyo mutoto anaitwa nani."