Zipu za Bwana Lin

Likizo ya Desemba ilipoanza, Yvette aliweka vitabu kando akashika mizigo. Kila asubuhi aliteremka mlima wa Berea pamoja na mama yake hadi katikati ya Durban, wakatandika meza yao kando ya barabara na kupanga mikoba. Kazi ya Yvette ilikuwa kukagua. Alivuta kila mkanda, akachungulia kila mshono, na mkoba wenye kasoro haukufika mezani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini jicho lake lilikuwa kali, na ulimi wake haukuwa butu.

Bidhaa zao zilitoka kwa Bwana Lin, Mchina mwenye ghala kule Jacobs kwenye viwanda. Mwezi huo mama alisubiri kwake mzigo mmoja kuliko mingine yote: mabegi ya shule. Wazazi huyanunua kabla ya shule kufunguliwa Januari, na mauzo hayo ndiyo yaliyolipa karo ya Yvette na kodi ya nyumba. Msimu ule ukiwapita, mwaka mzima wangekwenda kwa kuchechemea.

Siku walipokwenda kuchagua mabegi, ghala lilikuwa limejaa wanunuzi. Yvette alifunga zipu ya begi moja, meno yakaachana papo hapo. Akajaribu la pili, mambo yakawa yale yale. Akaliinua juu kila mtu alione.

"Bwana Lin, zipu hizi ni mbovu," alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Haya ndiyo mabegi unayotuuzia?"

Watu wakageuka. Mwanamke mmoja akarudisha begi alilokuwa ameshika. Bwana Lin alitabasamu, akalichukua begi lile taratibu.

"Hakuna shida," alisema. "Nitaangalia. Mzigo wenu mtapata wiki ijayo."

Yvette alitoka kifua mbele, na mama naye hakuficha fahari yake. Wiki ijayo ilifika, mzigo haukufika. Mama alipopiga simu, Bwana Lin alisema mabegi bado yako bandarini. Alipopiga tena, akasema labda baadaye, kisha akamuuliza kwa upole habari za familia. Lakini Ezéchiel, jirani yao wa meza ya pili, tayari alikuwa akiuza mabegi ya Bwana Lin, na wateja kadhaa walikwisha kumrudishia kwa sababu ya zipu.

Tantine Estella, yaani shangazi wa heshima, rafiki wa mama aliyewahi kwenda Guangzhou huko China kununua bidhaa, aliposikia habari hiyo alitikisa kichwa.

"Huyo amekwisha kukukatalia, dada," alimwambia mama. "Hakutaka tu kukuambia hapana usoni. Huyu mtoto alimwaibisha mbele ya wateja wake. Hata mimi kule Guangzhou nilimfokea muuzaji dukani kwake. Akacheka, nikafikiri nimeshinda. Sikupata tena hata soksi kwake."

Yvette alimgeukia. "Lakini Tantine, zipu ziko mbovu. Niende nimwambie ni nzuri? Nidanganye?"

"Nani amesema udanganye? Zipu mbovu ni mbovu. Ungemwambia pembeni, angepata nafasi ya kutengeneza."

"Mimi pia nilikuwepo," mama alisema. "Nilisikia, nikafurahi. Kosa ni letu sote."

Yvette aliona haya, kisha hasira, kisha akaamua. Kazi aliyoiharibu mwenyewe angeitengeneza mwenyewe. Alimwomba Ezéchiel mabegi yaliyorudishwa, akaazima koleo, akaanza kubana kichwa cha zipu kwa pande zote mbili. Cha kwanza alikivunja. Cha pili alikibana mno, kikakwama. Vidole vilimuuma lakini hakuacha, mpaka akajua kukibana kidogo kidogo. Zipu ikafunga, ikatulia.

Asubuhi iliyofuata yeye, mama na Tantine walikwenda Jacobs, kabla ya wanunuzi kufika. "Leo hatuulizi mzigo," Tantine Estella alionya. Bwana Lin aliwamiminia chai katika vikombe vidogo, akaongea habari za mama yake mzee aliyeko China na magoti yanayomsumbua. Yvette alikunywa na kunyamaza, ingawa ulimi ulimwasha. Wakaondoka mikono mitupu.

"Eish, Tantine," alilalamika nje, "Januari inakuja, na sisi tunakunywa chai."

"Kesho tutakunywa tena."

Kesho yake Bwana Lin mwenyewe ndiye aliyeuliza shule zinafunguliwa lini. Mama akampa Yvette ishara. Yvette alisubiri mfanyakazi wa ghala atoke, akatoa begi alilolitengeneza.

"Bwana Lin, nilikosea kukusema mbele ya watu. Naomba unisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Zipu bado zinaachia. Lakini nimejifunza kuzitengeneza. Ukiniruhusu, tutazikagua na kuzibana kabla wateja hawajafika."

Bwana Lin alivuta zipu ile juu na chini, juu na chini. Safari hii hakutabasamu. "Kiwanda kimenitumia mzigo mbaya," alisema. Akainuka, akarudi na koleo mbili.

Walifanya kazi asubuhi kadhaa, mama na Tantine wakikagua, Yvette na Bwana Lin wakibana. Mabegi yasiyofaa kabisa yaliwekwa kando. Siku ghala lilipojaa tena, mzigo wa mama ulikuwa tayari mlangoni. Mnunuzi mmoja akauliza kama zipu ni imara.

"Muulize yule msichana," Bwana Lin alijibu kwa sauti iliyosikika ghala zima. "Ndiye mkaguzi wangu. Jicho lake halipitwi na kitu."

Watu wote wakageuka kumtazama. Yvette aliinamisha macho, moyo ukimruka kwa furaha.

Walipokuwa wakipanga mabegi mezani kwao, mama alimshika bega.

"Usiache kusema ukweli, mwanangu. Lakini mtu ukimkosoa mbele za watu, hutafuta pa kujificha. Ukimkosoa pembeni, hutafuta koleo."