Khisa Alipokataa Firigisi

Nabwile alianza kumngoja mumewe siku ya Jumatano, ingawa alijua atafika Jumamosi. Alifagia uwanja mara mbili. Alipaka kuta udongo mpya. Alimwambia jogoo wake mwekundu ale vizuri, maana wageni wanakuja.

Mumewe, Khisa, alifanya kazi Kitale, kwenye ghala la kukausha mahindi. Nabwile alibaki Kabuchai na mama mkwe wake, Nakhungu. Mtoto wao, Wekoye, alikuwa shule ya bweni. Ulikuwa mwaka wa corona na safari zilikuwa ngumu. Miezi miwili hawakuonana. Miezi miwili ni mirefu kwa mtu anayelala upande mmoja wa kitanda, akiacha nafasi ya mtu asiyekuwepo.

Jumamosi mchana Khisa alifika. Nabwile alimwandalia ugali na kuku. Juu ya nyama zote aliweka firigisi. Katika boma lile, firigisi ni ya baba wa nyumba. Mke akikupa, amekwambia neno ambalo mdomo unaona haya kulisema.

Khisa aliitazama. Akaisukuma sahani polepole.

"Baba Wekoye, si ukule?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na umetoka barabarani saa hii?"

"Si nimesema nimeshiba, bana."

Nabwile alirudisha sahani jikoni. Nakhungu alikuwa pale, akichambua mboga. Aliiangalia sahani, kisha akamwangalia mkwe wake.

"Mwanaume hakatai kuku," alisema. "Anakataa mpishi. Uliza ni nani anampikia huko Kitale."

Maneno hayo yalimchoma Nabwile. Aliosha vyombo kwa nguvu mpaka sufuria ikalia.

Jumapili Khisa aliharisha mara tano kabla ya watu kutoka kanisani. Alitapika pia. Nakhungu alitoa amri yake. "Tumbo linaloharisha halipewi maji. Nani anajaza debe lililotoboka? Mpe chai ya rangi kidogo, basi."

Nabwile alitii haraka kuliko ilivyofaa. Mtu akikuumiza moyo, ni rahisi kumnyima hata maji.

Lakini Jumatatu asubuhi alimwona vizuri. Midomo ilikuwa imepasuka. Macho yalikuwa yamezama. Khisa alijaribu kusimama, akashika ukuta. Wivu wote ulimtoka Nabwile kama maji kwenye kikapu. Huyu ndiye aliyemngoja miezi miwili. Sasa anaweza kumpoteza hapa hapa, mlangoni pake.

Alikimbia kwa jirani, Jepchirchir, mhudumu wa afya wa kijiji. Jepchirchir alikuwa ameolewa pale kutoka Mlima Elgon, na ulimi wake haukuwa mzito. Alikuja amevaa barakoa, akawapa nao wavae. Alimkalisha Khisa nje, penye hewa, naye akasimama mbali kidogo.

"Shemeji, ukinusa chai, unasikia harufu?"

Khisa aliinamisha kichwa. "Sisikii kitu. Tangu Alhamisi. Chakula ni kama nakula karatasi."

Nabwile aligeuka. "Na mbona hukusema?"

"Ningesema aje? Umenichinjia jogoo wako, alafu nikwambie hana ladha? Ungenielewa?"

Nabwile alijua asingemwelewa.

"Kazini kuna mtu anaumwa?" Jepchirchir aliuliza.

"Wawili wanakohoa."

"Basi lazima upimwe corona."

Nakhungu alicheka. "Ati corona? Corona ni ya kifua. Huyu hakohoi hata kidogo. Ama siku hizi inapitia chooni?"

"Mama, wengi wanafikiri hivyo," Jepchirchir alisema. "Kile kirusi kinaingia kwa pua na mdomo. Kikiingia kinatafuta milango ya kujishikiza. Milango hiyo iko kwenye mapafu. Lakini kwenye utumbo pia iko, mingi sana. Kwa hivyo mwingine anakohoa. Mwingine anaharisha, anatapika, tumbo linamuuma, hana hamu ya kula. Wengine tumbo linaanza, kikohozi kinafuata. Wengine hawakohoi kabisa."

"Na mimi nimemnyima maji," Nabwile alisema kwa sauti ndogo.

"Hapo ndipo hatari iko. Maji na chumvi ya mwili vinatoka. Usiporudisha, mtu anakauka."

"Debe lililotoboka," Nakhungu alinong'ona.

"Huyu si debe, mama. Huyu ni mtoto wako."

Jepchirchir alitoa pakiti ya chumvi ya kurudisha maji mwilini. Aliwaonyesha kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Maji yachemshwe, yapoe, ndipo unga wa pakiti umiminwe. Khisa anywe kidogo kidogo, na zaidi kila anapotoka chooni. Akitapika, apumzike dakika kumi, kisha aanze tena. Uji mwepesi na ndizi mbivu vinafaa akiweza.

"Ninunue zile dawa za rangi mbili dukani?" Nabwile aliuliza.

"Hapana. Hizo ni antibiotiki, haziui kirusi. Na ukiona damu kwenye choo, ama hakojoi, ama maji hayakai tumboni, ama anapumua kwa shida, usiningoje. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo."

Kituo cha afya kilimpima Khisa. Alikuwa na corona. Walimruhusu augulie nyumbani, lakini atengwe siku kumi, hasa kwa sababu Nakhungu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Khisa alihamia simba, ile nyumba ndogo ya wavulana pembeni mwa boma.

"Mwanaume mzima, amerudishwa simba," Nakhungu alisema kupitia barakoa. "Tutakutafutia mchumba."

"Nina mmoja," Khisa alijibu kutoka ndani. "Yuko hapo nje, amenikasirikia."

Nabwile aliweka maji na sabuni karibu na choo. Kirusi kinaweza kutoka na choo pia, kwa hivyo kila mtu alinawa kila alipotoka. Kitasa cha mlango kilipanguswa kwa dawa. Sahani ya Khisa ilioshwa peke yake.

Kila siku alibeba kibuyu cha maji, akakiweka kwenye kizingiti, akarudi nyuma hatua nyingi. Kisha alikaa kwenye jiwe. Walizungumza hivyo, na uwanja katikati yao. Alikuwa amemngoja kutoka Kitale. Sasa alimngoja kutoka hatua kumi, na hatua kumi zilikuwa ndefu kuliko barabara yote ile.

Siku ya sita Khisa aliita. "Mama Wekoye, kwa nani wanapika mrenda?"

Nabwile alisimama. "Unasikia harufu yake?"

"Nasikia. Na nina njaa."

Nabwile aligeuza uso ili asionekane analia, kisha akakimbilia bustanini kuchuma majani ya mrenda.

Siku kumi ziliisha. Khisa alipona, na hakuna mwingine aliyeugua. Nakhungu sasa ndiye huwaambia wanawake wa kanisani kwamba mgonjwa wa tumbo apewe maji, na corona haikai kifuani pekee. Husema kana kwamba ni yeye aliyegundua.

Mwezi uliofuata Khisa alirudi Kitale. Nabwile alimsindikiza hadi barabarani, na nafasi ile kitandani ikarudi. Jioni humpigia simu. Siku hizi hajiulizi tena ni nani anampikia.

"Umekula?" huuliza.

"Nimekula."

"Ilikuwa na ladha?"

Khisa hufikiri kidogo. "Kidogo tu," husema. "Si kama ya nyumbani."