Ufa Kwenye Akiki

Mimi siwezi kutaja bei ya jiwe kabla sijalilamba. Cheka tu, wengi hucheka. Lakini akiki ghafi ikiwa kavu hufanana na kiazi kilichotupwa. Ulimi ukipita, mistari yake inajitokeza, na hapo ndipo nakwambia kama umeokota mali au umebeba mzigo bure. Kwa kazi hiyo najulikana Mkuyuni nzima.

Jioni ile mimi na kaka yangu Nestory tuliitwa Kiseke kwa Mzee Ngosha, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyeishi peke yake. Jua lilikuwa linazama. Sebule yake ilinuka tope la ziwani, ingawa sakafu ilikuwa kavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Kichwa chake alikuwa amekifunga kitambaa cheupe. "Sitaki bei. Nataka uniambie kama lina ufa."

Akaniwekea jiwe kiganjani. Ukubwa wa ngumi, lakini jepesi kuliko nilivyotegemea. Nikalitikisa sikioni.

Chwa... chwa...

Maji! Akiki yenye maji ndani huipati kila siku. Nilifurahi kweli. Nikaacha kutikisa.

Chwa... chwa... chwa...

Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa.

Ningepaswa kuliweka chini pale pale. Badala yake nikafanya nilichozoea. Nikalilamba. Lilikuwa na ladha ya damu.

"Umelilamba?" mzee akanong'ona. "Mama yangu... umelilamba?"

Nikawasha tochi, nikaibana kwenye jiwe. Mwanga ukapenya mistari ya kijivu na nyekundu. Pale ulimi ulipopita palikuwa na mstari mmoja usiofuata mingine, mwembamba kama unywele.

"Ufa upo," nikasema.

Mzee akaanza kulia. Akatueleza kwamba zamani mganga alimfichia uhai wake humo ndani, ili maadui zake wasiupate. Na mganga mwenyewe alishakufa.

Nestory akacheka kwa hasira. Mwezi uliopita alikuwa ameuziwa jiwe lililotobolewa, likajazwa maji kwa sindano na kuzibwa kwa gundi.

"Odeta, usitishwe na hadithi. Huu ni usanii tu. Ngoja nibandue kona tuione gundi."

Nilisema hapana, lakini alishalinyakua jiwe na kuliweka sakafuni. Nyundo yake ya kazi ilikuwa imeshashuka.

Kilibanduka kipande kidogo tu. Kitambaa cha mzee kikalowa damu.

Akainuka. Yule mzee aliyekuwa akilia alimnyanyua kaka yangu kwa shingo, kwa mkono mmoja, akamgongesha ukutani. Mara moja. Mara mbili. Nikasikia jino likidondoka sakafuni. Nikampiga mzee mgongoni kwa stuli, stuli ikavunjika. Nikamng'ata mkono mpaka nyama ikabaki kinywani mwangu. Hakugeuka hata kunitazama. Miguu ya Nestory ilirusharusha mateke hewani... kisha ikalegea.

Sina ndugu mwingine duniani. Nikaokota nyundo, nikalipiga jiwe kwa nguvu zangu zote.

Kraa!

Sauti ilitoka sehemu mbili. Jiwe lilipasuka katikati, na fuvu la Mzee Ngosha likapasuka vilevile, kuanzia utosini hadi kwenye nyusi. Damu ikanirukia usoni. Akamwangukia kaka yangu, akatikisika kidogo, akatulia.

Nikamvuta Nestory kutoka chini yake. Akakohoa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mikono yangu ikiwa imejaa damu ya mtu, na wala sikuona aibu.

Ndipo nikavitazama vipande vya jiwe.

Ndani palikuwa pakavu. Hapakuwa na hata tone.

Tulitoka bila kumwambia mtu. Leo ni siku ya tisa. Tangu juzi nikijigeuza kitandani nasikia kitu kama maji kikihama kichwani mwangu, upande mmoja kwenda mwingine, na godoro langu limeanza kunuka tope. Nilijidanganya kuwa ni sikio linaumwa. Jioni hii nimeshindwa kuvumilia, nikamwomba Nestory asikilize.

Ameweka sikio lake kwenye utosi wangu. Kisha akachukua tochi yangu na kuanza kutenganisha nywele zangu.

"Sema, kaka. Unaona nini?"

Akaibana tochi kwenye utosi wangu.

"Ufa upo," akanong'ona.