Hanbok ya Katani

Nyuzi hazikuwa na mafundo. Hilo ndilo lililomkera Zuwena. Miaka kumi na tisa kwenye cherehani, tangu Vuga, Unguja, mpaka duka hili la kurekebisha nguo Queensbury, Landani, hajaona fundi anayeacha ncha za uzi zinaning'inia ovyo.

"Tazama, Bi Bharti," alimwambia mwenye duka, Mhindi mzaliwa wa Unguja. "Hanbok nzuri hivi, kaishona mvivu gani?"

Hanbok alizijua. Wakorea wa New Malden walimletea za harusi na za sikukuu: sketi pana zinazoanzia kifuani, vikoti vifupi vya kufunga kwa utepe, rangi zinawaka. Hii ilikuwa ya katani tupu, haijatiwa rangi. Bi Sunja, aliyeileta, alisema ni ya mama yake. Kizee amesinyaa, ipunguzwe pindo.

"Pindo tu," alirudia mara tatu.

Lakini Zuwena na ujuaji wake! Alipunguza pindo, kisha akakaa akazifunga ncha zote, moja moja, mafundo madogo magumu, wala hakutumwa na mtu. Akajisifu hasa.

Wiki ya tatu baada ya Bi Sunja kuichukua nguo, duka likaanza kunuka uzi unaoungua. Bi Bharti alikimbilia pasi, akaikuta baridi. Mchana kweupe, wateja tele, nyuma ya pazia la kujaribia nguo ikasikika sketi ikiburuzwa, chwaa, chwaa. Ukifunua, hapana mtu. Zuwena akasoma Ayatul Kursi mpaka midomo ikamkauka. Wapi! Mburuzo ule ulipanda naye basi, ukapanda naye ngazi za flati, ukampita mlangoni, ukaingia chumbani kwa Ilham, bintiye wa pekee, wa miaka tisa.

Ilham kazaliwa Landani. Umsemeshe Kiswahili, atakujibu Kiingereza. Siku ile alikaa sakafuni anajikwaruza kifua, akasema kwa sauti ya kizee, Kiswahili safi:

"Nifungue."

Kesho yake vidole vya mkono wa kulia vilikunjika, havikunjuki. Kesho kutwa, vya kushoto. Hospitali wakampiga picha, wakasema hawaoni kitu, na Zuwena akatoka pale, akapanda treni mpaka kwa Bi Sunja, akamshika mikono mlangoni kabla hata ya salamu, akamuuliza ile nguo iko wapi, iko wapi, mwanangu anakwisha.

"Mama alifariki," Bi Sunja alinong'ona. "Ile ni nguo ya maiti. Kwetu uzi wake haufungwi fundo, roho isinase." Akamkazia macho. "Ulipunguza pindo tu, sivyo?"

Zuwena aliiachia mikono ile. Kwao pia vifungo vya sanda hufunguliwa kaburini. Analijua hilo tangu mtoto. Aibu ikamjaa, na hofu juu yake.

"Fukueni kaburi, nakuomba. Nitayafungua mafundo yote mwenyewe."

"Kaburi lipi? Tulimchoma, na nguo yake. Ni majivu."

Maalim Haidar, mtaalamu wa majini, alikuja kutoka Woolwich na mafusho yake. Akasoma saa nzima, jasho linamtoka, huku sketi isiyoonekana ikikizunguka kitanda, chwaa, chwaa, na harufu ya uzi unaoungua ikimkaba yeye na Zuwena.

"Unataka nini?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Udi? Marashi? Sema."

"Sitaki kitu. Nifungue," Ilham alijibu, na taya likakakamaa. Hakusema tena.

Maalim alifunga kitabu chake taratibu.

"Huyu si jini wa kufukuzwa, mwanangu. Maskini huyu anataka kwenda, hawezi."

"Basi na Ilham?"

Maalim alivaa viatu bila kumtazama. Mlangoni akasita.

"Mtoto ana urefu gani?"

Zuwena alielewa anaulizwa kwa ajili ya kitambaa cha sanda. Hakuhitaji futi, nguo zote za Ilham alizishona yeye.

"Inchi hamsini na mbili," akasema.