Aliyekaribishwa Visiwa vya Makaa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya minazi ya Mwabungo pale Biasha alipotoka na mwanawe kwenda kuazima sinia. Kesho yake palikuwa na safari, na sinia la kutosha wanawake sita lilikuwa moja tu mtaani, la jirani yake Mbeyu. Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya bendera mpya kupandishwa, na kila mtu alikuwa na jambo alilonyimwa zamani ambalo sasa alitaka kulifanya. Wanawake wa chama cha ngoma cha Biasha walichagua kwenda kustarehe Visiwa vya Makaa, kama walivyokuwa wakienda Wazungu, na kurudi jioni wamebabuka pua.

Njiani Chiku, mwenye miaka saba, alimwamkia kila waliyekutana naye. "Shikamoo babu. Shikamoo mama." Aliwaamkia hata wawili waliokuwa wakigombana, nao wakanyamaza kidogo ili waitikie. Mbeyu walimkuta anakula barazani. Akawaambia karibuni, na mtoto akajibu "Starehe" kama mtu mzima.

"Huyu umemlea," Mbeyu akasema.

Biasha alilala na neno lile. Alikuwa amezika watoto wanne kabla ya Chiku. Baba wa wote watano alikwenda Tanga kwa mke mwingine bila hata kuaga, na watu wakasema mtoto wa mwanamke aliyeachwa atakua kama kuku wa njiani. Basi Biasha akashika bakora. Alimchapa mtoto kwa kutoamkia, akamchapa kwa kupokea kwa mkono wa kushoto, akamchapa kwa kula mtu akipita bila kumwambia karibu. Mwishowe watu hawakuwa na la kusema. Huo ndio ulikuwa utajiri wake, na tuseme ukweli, aliutembeza mitaani kama wenzake watembezavyo bangili.

Asubuhi walipanda mashua ya injini ya Boga pale Msambweni. Boga alikuwa amewaendesha Wazungu miaka tisa katika mashua ile ile, na sasa ilikuwa yake. Walipita Funzi upande wa kulia, wakaendelea mpaka nchi kavu ikawa mstari tu, ndipo visiwa vikaonekana. Vilikuwa vitatu, vyeusi tititi. Mawe yake si yale meupe tuyajuayo pwani hii. Yana matundu matundu, ni mepesi mkononi, na hukata miguu. Wavuvi husema bahari iliwahi kuchemka hapo ikatapika moto, na kwamba chini bado hakujapoa. Kwenye kisiwa cha kati mvuke mwembamba ulikuwa ukitoka mwambani.

Boga akazima injini.

"Sikilizeni, mama zangu. Mimi sishuki, nitangoja hapa majini. Nyinyi mkila, inamisheni vichwa mle. Na mtu asimkaribishe mtu."

"Wa kukaribishwa yuko wapi hapa?" mmoja akauliza, wakacheka.

"Na Wazungu wako, hawakula?" Biasha akauliza.

"Walikula hapo hapo, miaka yote, wala hawakudhurika. Lakini umewahi kumwona Mzungu anakula akamkaribisha apitaye?"

Wakacheka zaidi. Chiku alikuwa amelala juu ya mkeka, hakusikia. Biasha alifikiri kumwamsha amwambie. Hakumwambia. Miaka yote amemchapia mtoto jambo hilo hilo. Aanze leo kumkataza, mbele ya wanawake waliokuwa wakimsifu tangu alfajiri? Aliona aibu. Kosa lake lilikuwa hilo, na mtu asimtafutie jingine.

Waliteremka, wakaogelea, wakaimba. Mchana ulipofika walitandika mkeka kwenye kivuli cha mwamba, wakapakua wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kisha wakaenda nyuma ya mwamba, mahali palipokuwa tambarare, kusali adhuhuri kwanza.

"Linda chakula, kaa wa mwambani wasikifikie," Biasha akamwambia Chiku.

Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Katika rakaa ya mwisho Biasha alisikia sauti ya mwanawe, safi, yenye adabu.

"Shikamoo babu. Karibu tule."

Kisha sauti ya mtu anayeketi.

Biasha alitoa salamu ya mwisho kabla ya wenzake na kukimbia. Mzee mmoja alikuwa ameketi mkekani, amekunja miguu vizuri, kanzu yake nyeupe na kavu mpaka pindoni. Hapakuwa na chombo kingine baharini ila mashua ya Boga, na Boga alikuwa amewapa mgongo. Palikuwa na harufu, ile ya sufuria iliyoungua ikamwagiwa maji. Mzee alikuwa anakula. Hakusema bismillahi.

Wanawake walifika mmoja mmoja, wakasimama. Kila mmoja alijua. Wala hakuna aliyeweza kusema ondoka, kwa sababu mtu akishaitwa na kuketi kwenye sinia lako humfukuzi, na adabu ile iliwabana kuliko hofu.

"Nani amemlea huyu mtoto?" mzee akauliza bila kuinua macho.

"Mimi," Biasha akasema.

Na hapo hapo, katikati ya woga, moyo wake ulifurahi. Kidogo tu. Hajajisamehe furaha ile mpaka leo.

"Umemlea vizuri. Miaka mingi watu wanakula hapa, hakuna aliyeniambia karibu." Akamgeukia Chiku. "Nimekula kwenu, mjukuu wangu. Siku ya saba nawe uje ule kwangu. Utakuja?"

Chiku alimtazama mama yake kwanza, hakuona amekunja uso, basi akajibu kama alivyofundishwa kumjibu mkubwa.

"Ndiyo babu. Nitakuja."

Mzee akainuka, akaenda upande ule wa mvuke, akapita nyuma ya mwamba. Hakuna aliyekwenda kutazama. Kwenye sinia, upande aliokaa, wali ulikuwa mzima, haujamegwa. Biasha aliuonja punje mbili. Haukuwa na ladha yoyote, kama mtu anatafuna karatasi.

Walipopanda mashua Boga aliuliza neno moja tu. "Nani?" Akamtazama mtoto, akawasha injini.

Siku ya pili Chiku alisukuma uji wake akasema, "Mama, hauna ladha." Mchana samaki hakuwa na ladha. Usiku, chungwa. Siku ya tatu ile harufu ya sufuria iliyoungua ilikuwa chumbani, na jikoni hapakuwa na moto. Biasha hakungoja tena. Alimchukua mtoto, wakavuka Likoni, wakapanda basi mpaka Taru, kwenye nyika kavu ambako watu wengine wazeeka bila kuiona bahari. Huko alielekezwa kwa mganga aitwaye Bibi Kanze.

Walimkuta anakula. Aliwaona, akageuza mgongo, akamaliza sima yake bila kuwaambia kitu. Kisha akanawa.

"Ahadi imetoka kinywani mwa mtoto," akasema baada ya kusikia yote. "Mimi siwezi kuivunja, wewe huwezi. Aivunje yeye. Siku ya saba ataitwa. Akisema sitaki mpaka jua lizame, yamekwisha."

"Ataitwa na sauti ya nani?"

"Yoyote. Hata yako."

"Bibi, tukae hapa kwako mpaka siku hiyo ipite."

"Atamfuata popote. Na mimi nina wajukuu," Bibi Kanze akasema, akaingia ndani.

Walirudi Mwabungo siku ya tano, na masomo yakaanza. Biasha alifunga mlango akamweka mtoto kwenye kigoda.

"Chiku, njoo."

"Abee mama."

Akamchapa. Mtoto akalia kwa mshangao zaidi ya maumivu, maana abee ndilo neno aliloandikiwa mgongoni tangu alipojua kusema. Bakora ilikuwa ile ile, mkono ule ule.

"Sema sitaki."

"Mama, si vizuri..."

"Sema."

Walishinda hivyo, wakakesha hivyo. Jioni ya siku ya sita Chiku aliweza. Alikaa juu ya kigoda, macho mekundu.

"Nikikuita mimi kutoka nje?"

"Sitaki."

"Nikikuambia ni mimi mamako?"

"Sitaki."

"Vizuri, mwanangu," Biasha akasema. Akatoka uani akalia peke yake, kwa kuwa alikuwa ameharibu kwa siku mbili kitu pekee alichowahi kukitengeneza.

Siku ya saba waliamka wameshikana mikono. Biasha alipiga komeo, akaziba dirisha kwa leso. Asubuhi ikapita. Adhuhuri ikapita. Hakuna aliyeita. Alasiri mtoto akaomba maji, na mtungi ulikuwa mkavu. Akaomba tena. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua thelathini.

Biasha alipiga magoti mbele yake. "Nakwenda kuteka maji, narudi sasa hivi. Atakayekuita kutoka nje si mimi, umesikia? Mimi sitakuita. Mimi nitaingia tu."

"Nimesikia."

Alikimbia. Kamba ilikuwa nzito siku ile, na ndoo haikutaka kuzama. Alipoipata hakuijaza hata nusu. Akarudi mbio, maji yakimlowesha miguu.

Mlango ulikuwa wazi.

Kigoda kilikuwa kitupu. Harufu ile ilikuwa nzito kiasi cha kutoa machozi. Barazani kwake Mbeyu alikuwa anasuka ukili, akainua uso na kushangaa.

"Umesahau nini tena, Biasha? Si umepita hapa na mtoto sasa hivi? Nimekusalimu, hukuniitikia."

Ndoo ikaanguka.

Alikimbia mpaka ufuoni. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga uko wazi mpaka kule mwambani, na jua lilikuwa bado juu ya minazi. Mbali, watu wawili walikuwa wanatembea kuelekea baharini. Mwanamke na mtoto, mkono kwa mkono. Leso aliyojitanda mwanamke yule ilikuwa ile ile aliyojitanda Biasha, na alitupa mguu wa kushoto nje kidogo kama Biasha atupavyo wake.

"Chiku!"

Mtoto akasimama. Mwanamke hakugeuka.

"Chiku, njoo. Njoo mwanangu."

Mtoto akageuza kichwa. Alimtazama kwa macho makavu, ya mwanafunzi anayekumbuka somo.

"Sitaki."

"Ni mimi mamako..."

"Mama alisema utasema hivyo," Chiku akajibu.

Akaushika vizuri mkono wa mwenziwe, wakaendelea.

Biasha alikimbia huku akianguka kwenye vidimbwi, akaita mpaka sauti ikakauka, na kila alipoita alijibiwa neno lile lile, dogo zaidi na la mbali zaidi, bila hasira. Alipofika mwambani maji yalikuwa yameanza kujaa, yamemfika kiunoni. Hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa halijazama.

Walimtafuta siku tatu, kwa ngalawa na kwa miguu, mpaka Galu. Boga alikwenda peke yake hadi Visiwa vya Makaa, akarudi siku hiyo hiyo, na akiulizwa aliona nini huanza kuzungumzia injini. Siku ya nne chifu alikuja kuandika maelezo. Alikaa barazani kwa Mbeyu, akauliza nani alikuwa wa mwisho kumwona mtoto.

Mbeyu aliapa kwa Msahafu. Hakuwa na chuki na jirani yake, alikuwa akilia alipokuwa akisema. Alisema alimwona mtoto akipelekwa baharini, na aliyempeleka alikuwa mama yake mzazi, kwa uso wake, kwa leso yake, kwa mwendo wake. Alisema mtoto hakuburutwa. Alikwenda kwa hiari, ameshika mkono.

Chifu akamgeukia Biasha. "Una la kusema?"

Watu walikuwa wamejaa uani. Wale wanawake watano wa chama chake walikuwepo, wamesimama pamoja, na hakuna aliyefungua kinywa kuhusu mkeka, wala mzee, wala wali. Biasha aliwatazama mmoja mmoja. Angeweza kueleza. Alifikiria bakora, na kigoda, na mtoto akisema si vizuri mama.

"Mbeyu hasemi uongo," akasema. "Ni mimi niliyempeleka."