Mvua ya Kwanza

Nyumba ya kina Irine iko pembezoni mwa mji wa Same. Shule ni dakika tano kwa mguu, kituo cha afya ni kuvuka barabara tu. Kila kitu kiko karibu isipokuwa maji. Bomba la mtaa hutoa maji mara moja kwa wiki, tena likipenda. Kwa hiyo mvua ikija, kila nyumba hukinga ya kwake kutoka kwenye bati.

Jumamosi moja mawingu yaliufunika mlima ulio juu ya mji. "Irine," mama akamwita, "panda ngazi ufagie mfereji wa bati. Na bomba la kutoka mfereji ulichomoe kwenye tangi, mvua ya kwanza ioshe paa."

"Sawa, mama."

Irine akaenda kuruka kamba. Alipoulizwa baadaye, akajibu bila kupepesa macho, "Nimeshamaliza." Jioni mvua ikanyesha, tangi likajaa pomoni.

Bibi yake Irine, Eliakunda, aliyeshuka kutoka kijiji cha Myamba kule mlimani kuwasalimia, akachota kikombe cha maji tangini.

"Subiri nichemshe, mama," mama Irine akamsihi.

"Maji ya mvua yachemshwe ya nini? Sisi kule juu tunakunywa hivi hivi!" Bibi akacheka, akanywa vikombe viwili.

Kesho yake akaanza kuhara na kutapika. Walimkimbiza kituo cha afya, akatundikiwa dripu.

"Amekula nini? Amekunywa maji gani?" nesi akauliza.

"Maji yetu ni safi, mfereji tulifagia," mama akajibu. "Labda wale samaki wa mama Swalehe aliokula jana."

Mama Swalehe ni jirani yao, huuza samaki wa Ziwa Jipe barazani kwake. Irine aliangalia vidole vyake vya miguu.

Mtaa hauna siri. Siku mbili nzima hakuna aliyenunua hata samaki mmoja, na beseni lilirudi ndani limejaa. Siku ya tatu mama Swalehe akabisha hodi, mkononi ana chupa ya uji.

"Shikamoo, mama Swalehe."

"Marahaba, mwanangu. Mpelekee bibi. Usiseme umetoka kwangu, asije akaogopa kuunywa."

Macho yake yalikuwa mekundu. Irine akashindwa kuipokea ile chupa. "Si samaki wako," akasema huku akilia. "Ni mimi. Sikufagia mfereji."

Mama alisikia yote akiwa mlangoni. Alipanda ngazi mwenyewe, akakuta kinyesi cha ndege na mjusi aliyeoza. Akashuka, akafungua koki ya tangi. Majirani walikinga maji ya kufulia, mengine yakapotelea ardhini. Mama alilia akiyatazama. Kisha akaenda kwa mama Swalehe kuomba radhi.

Bibi alirudi nyumbani amekonda, miguu haina nguvu ya kupanda mlima. Shamba lake la maharage kule Myamba lingelala bila kulimwa msimu huo. Irine akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, bibi."

"Nimeshakusamehe. Nami nina kosa, nilikataa maji yachemshwe," bibi akasema kwa sauti ndogo. "Maji yatarudi, mjukuu wangu, mvua itanyesha tena. Lakini jina la mtu likichafuka, hakuna mvua ya kuliosha. Uongo wako ulikuwa mfupi, ila umeingia kila nyumba mtaani. Sasa ukweli nao uupeleke huko huko, kwa miguu yako."

Irine alijifuta machozi, akatoka. Alisimama mbele ya mlango wa kwanza.

"Hodi," akaita.

"Karibu!"

Akaingia.